Sala za Kiyahudi na saa zake: uwahi macheo, ungoje jamaa, au usali ukishatulia?

Mishna, mkusanyo wa sheria za mapokeo ya Kiyahudi uliokamilika kama mwaka 200, inaruhusu Shema ya asubuhi, yaani aya za Torati za kukiri kwamba Mungu ni mmoja, isomwe mpaka saa tatu. Msomaji wa New York akifika hapo hukwama, maana kwake saa tatu ni ama usiku wa giza ama mchana baada ya chakula. Mswahili hakwami. Saa tatu ni saa tatu: jua limechomoza na limeshatembea saa tatu. Hata kwenye Matendo ya Mitume, Petro na Yohana wanapopanda hekaluni "saa ya kusali, saa tisa", wengine wanahitaji maelezo pembeni ya ukurasa. Sisi tunaona tu alasiri imeingia.

Marabi walihesabu saa tangu jua linapochomoza, na sisi vivyo hivyo. Ndiyo maana huwa nawaonea huruma watu wanaojifunza dini hii hapa Nairobi wanapohangaika na programu za simu zenye nyakati kumi na mbili za siku moja, kila moja na jina lake la Kiebrania, ilhali hesabu yenyewe wamezaliwa nayo mdomoni. Kazi inayobaki ni ya kuchagua. Ukishaijua saa, inapogongana na ajira, na watu, na usingizi, kipi kimpishe mwenziwe?

Kwanza karatasi ya jikoni

Kuna marekebisho mawili. Saa ya marabi si lazima iwe ya dakika 60. Ni mchana mzima, tangu macheo hadi machweo, uliokatwa mafungu 12. London mwezi wa Juni fungu moja hufika kama dakika 83, na Desemba hushuka hadi 39. Kwetu karibu na ikweta ni dakika 60 na sekunde kidogo mwaka mzima, kwa hiyo hilo halitusumbui. La pili ndilo linalotusumbua. Saa za Afrika Mashariki zimefuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, unaopita Somalia, na Nairobi iko magharibi yake, basi jua letu huchelewa. Huchomoza kati ya saa 12:10 na saa 12:40 asubuhi kutegemea mwezi, siku nyingi likiwa jirani na 12:30. Chukua saa ya Mishna, ongeza nusu saa. Mombasa na Dar es Salaam ongeza dakika 20, Mbale 40.

Kwa Nairobi, basi, mambo yako hivi kwa makadirio. Shema ya asubuhi inafungwa saa 3:30, na sala yenyewe ya asubuhi, Shahariti, saa 4:30. Jua linafika utosini saa 6:30. Sala ya alasiri, iitwayo Minha, inafunguliwa saa 7:05 mchana, na wakati wake ulio bora unaanza saa 10 na dakika chache. Saa 11:20 inafika plagi, alama ambayo nitaieleza chini. Jua linazama saa 12:35, nyota zinaonekana kama saa 1 usiku, na hapo ni Maarivu, sala ya usiku. Bandika hiyo ukutani ikupe picha, lakini siku yenyewe tazama ratiba ya tarehe na mji wako. Nyakati hizi husogea hadi dakika 15 huku au kule, na anayengoja dakika ya mwisho hawezi kutegemea makadirio yangu.

Mbona saa ina uzito hivyo

Hekalu la Yerusalemu lilikuwa na mwanakondoo wa asubuhi na mwanakondoo wa jioni, kila siku, kama ilivyoandikwa Hesabu 28:4. Wa jioni kwa kawaida alichinjwa saa nane na nusu, akatolewa madhabahuni saa tisa na nusu. Mishna imetaja saa hizo kabisa, na ndiyo asili ya ule wakati bora wa Minha. Warumi walipolibomoa Hekalu mwaka 70, sala ndizo zilizoshika nafasi ya sadaka. Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi juu ya Mishna, ina maelezo ya pili, kwamba Abrahamu alianzisha sala ya asubuhi, Isaka ya alasiri na Yakobo ya usiku, na hayo nayo ni mazuri. Lakini saa zilitoka madhabahuni, na huko mambo yalikuwa wazi: wakati wake ukipita, sadaka yake imebatilika.

Maimonides, aliyekuwa tabibu Misri na kufariki mwaka 1204, aliliweka jambo hili kwa namna ambayo naitumia kama mzani kila ninapolazimika kuchagua. Aliyesali Shahariti baada ya saa nne lakini kabla ya adhuhuri, alisema, ametimiza faradhi ya sala, ila hajatimiza faradhi ya sala kwa wakati wake. Kumbe ni faradhi mbili. Mtu anaweza kurudi nyumbani na moja mkononi, akidhani anazo zote. Yosef Karo, ambaye kitabu chake Shulhan Arukh kilichapwa Venice mwaka 1565 na hadi leo ndicho msingi wa sheria za kila siku, alilirudia jambo hilohilo kwa lugha ya ujira: wa saa tano anapata ujira wa sala, wa sala kwa wakati haupati.

Alfajiri, macheo, au baada ya chai?

Bora kuliko zote ni macheo, na hilo halina ubishi. Wacha Mungu wa kale, waliojulikana kama vatikini, walipanga Shema yao iishe jua linapotoa ukingo, ili Amida ianze pale pale. Amida ni sala ya kusimama, miguu pamoja, yenye baraka 19 ingawa jina lake la kale bado ni "Kumi na Nane". Kati ya Shema na Amida kuna baraka ya kumshukuru Mungu kwa ukombozi wa kutoka Misri, na mtu haruhusiwi kukatisha hapo kwa neno lolote. Talmudi inasema anayeunganisha ukombozi na sala namna hiyo hapatwi na baya siku nzima. Rabi Zeira akapinga: mbona mimi niliunganisha na baya likanipata? Akaulizwa, baya gani? Akasema alishurutishwa kubeba mihadasi hadi ikulu kwa mfalme. Akajibiwa kwamba watu hulipa fedha ili wauone uso wa mfalme, na yeye ameuona bure. Jibu hilo nimelikumbuka mara nyingi nikiwa ndani ya matatu iliyozimika Thika Road, baada ya sala ya macheo isiyo na dosari.

Kwa anayeishi huku kwetu, macheo yana faida ambayo mtu wa Yerusalemu hanayo. Yeye hulikimbiza jua mwaka mzima. Kuna watu wanaosali macheo kwenye Ukuta wa Magharibi kila siku, na saa yao hutoka kama 11:35 alfajiri wakati wa kiangazi hadi 12:40 asubuhi wakati wa baridi. Sisi tofauti ya mwaka mzima ni nusu saa. Ukishauzoesha mwili wako kuamka saa 11:45, umemaliza, hakuna msimu wa kukuvuruga. Tena saa 12:30 asubuhi hakuna anayekupigia simu, na sala nzima ya siku ya kawaida ni dakika 40 au 50, kwa hiyo kabla ya saa 1:30 umekwisha kuvua ngozi za sala (tefilini, vikasha vyenye aya vinavyofungwa mkononi na kichwani kwa kanda za ngozi) na kukunja shali.

Dosari yake ni barabara. Anayeripoti kazini saa 1 kamili, au mwenye kubadilishana zamu na mlinzi wa usiku, saa 12:30 yuko njiani tayari. Huyo ana mlango wa alfajiri. Sheria inamruhusu mwenye dharura au safari kusali kabla ya jua kutoka, maadamu pambazuko limeingia. Kipimo cha kuvaa shali yenye vishada na zile ngozi za sala ni kizuri kuliko saa yoyote: umtambue mtu unayemfahamu kidogo akiwa dhiraa nne mbali nawe. Nairobi hali hiyo hufika dakika 40 hadi 50 kabla ya macheo. Toka uani, mtazame jirani anayefungua geti. Ukimtambua ni nani bila yeye kusema, umeingia wakati.

Chaguo la tatu, baada ya jua kupanda, ndilo la watu wengi duniani na halina ubaya wowote, ilmradi Shema iwahi 3:30 na Amida iwahi 4:30. Linaumiza kwa mtindo mwingine. Kula kabla ya sala ya asubuhi kumekatazwa. Maji ruksa, na marabi wengi wameruhusu chai au kahawa, lakini mandazi yangoje. Anayejiahidi kusali saa 3 huku nyumba nzima inanukia mandazi anajitafutia vita asivyovihitaji.

Ningechagua hivi: mwenye kazi inayoanza saa 2 au baadaye, macheo. Mwenye zamu ya mapema, alfajiri nyumbani, asingojee "nitapata nafasi ofisini", maana hiyo nafasi haitapatikana. Na aliyezidiwa kabisa, walau Shema asiiache. Mishna yenyewe inawaruhusu mafundi waisome wakiwa juu ya mti au juu ya ukuta wanaoujenga, bila kushuka. Amida ndiyo inayodai ushuke.

Peke yako kwa wakati, au na jamaa nje ya wakati?

Hapa ndipo watu wa jamii ndogo wanapoumia zaidi, na ndiyo sababu hasa ya kuandika haya.

Sala ya jamaa inahitaji watu wazima kumi, yaani minyani. Kwa Waothodoksi, mkondo unaoshika mapokeo kwa ukali, ni wanaume kumi. Kwa wengi wa Wakonsavativu, mkondo uliolegeza kiasi, wanawake wanahesabiwa sawa. Uganda tofauti hiyo unaikuta ndani ya watu walewale, Abayudaya wa upande wa Mbale, ambao dini yao ilianzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919: kilima cha Nabugoye wamefuata mkondo wa Konsavativu, Putti wamefuata wa Kiothodoksi. Bila kumi, mambo kadhaa hayasomwi, ikiwemo Kadishi, sala ya kumtukuza Mungu inayosomwa na wafiwa. Basi aliyefiwa na baba yake ana sababu nzito ya kutafuta jamaa kila siku kwa miezi kumi na moja, na simlaumu akikimbia huku na huko.

Talmudi inaiheshimu jamaa kuliko tunavyodhani. Inasema saa ambayo jamaa inasali ndiyo saa ya kibali iliyotajwa kwenye Zaburi. Kwa hiyo swali ni zito kwelikweli. Kuna kumi watakaokutana saa 4 asubuhi, na wakianza na nyimbo na utangulizi, Amida itaangukia saa 4:40. Uende nao, au usali nyumbani saa 2?

Jibu la wengi wa wanasheria ni kwamba sala kwa wakati peke yako inaishinda sala ya jamaa iliyopitwa na wakati. Mzani wa Maimonides unaonyesha kwa nini. Jamaa inaipamba sala, wakati ni faradhi inayojitegemea. Lakini angalia swali lilivyoulizwa. Kama jamaa watasali Amida saa 4:15, bado wako ndani ya wakati wa sala, kilichowapita ni Shema tu. Hapo huhitaji kuachana nao. Soma Shema yako nyumbani kabla ya 3:30, aya tatu zote, kisha nenda ukasali nao, na ukifika kwenye Shema yao isome tena ukiwa unasoma Torati tu. Nimeona watu wakigombana kwa jambo ambalo dakika nne za asubuhi zingelimaliza.

Upande wa pili una kisa chake. Mtu aliyezoea macheo kila siku, akiamka leo akakuta jamaa ya macheo haipo ila kuna ya saa 2, amfuate nani? Yisrael Meir Kagan, aliyefariki mwaka 1933 na ambaye maandishi yake ndiyo yanayoshikwa na Waashkenazi wengi (Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki), aliandika kwamba mwenye mazoea ya kudumu ya macheo anaruhusiwa kushika macheo yake hata bila jamaa. Neno la kushikilia hapo ni mazoea. Aliyeamka mapema leo kwa bahati, kwa sababu jogoo wa jirani alimkera, hana tikiti hiyo. Yeye aende kwa jamaa.

Halafu kuna njia ya kati, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayotufaa kuliko zote na ndiyo inayosahauliwa. Kwenye Talmudi, Rabi Yitzhak alimuuliza Rav Nahman mbona hakuja sinagogi. Akasema hakuweza. Basi ungekusanya watu kumi nyumbani. Akasema ilikuwa tabu kwake. Basi ungemwambia mwongoza sala akutumie habari jamaa wanapoanza, ili usali nao saa ileile ukiwa kwako. Watu wa Babeli walikuwa hawana simu, na bado waliona inawezekana! Ukiwa Nakuru au Kisumu na kumi wako Nairobi, pale sinagogi ya kona ya University Way na Uhuru Highway, muulize mtu saa yao ya Sabato na usimame saa hiyohiyo. Huwi ndani ya minyani kwa hilo, Kadishi huwezi kusoma, lakini saa ya kibali umeipata. Na geuka kaskazini, maana kutoka Kenya Yerusalemu iko kaskazini. Wazee wa pwani huiita kaskazini "kibla" kwa sababu Makka nayo iko huko, kwa hiyo hata neno tunalo.

Saa 3 au saa 3:30: hesabu mbili za mchana mmoja

Ukifungua ratiba nyingi utakuta mwisho wa Shema umeandikwa mara mbili, kwa tofauti ya kama dakika 36. Si kosa la uchapaji. Avraham Gombiner wa Poland, karne ya 17, anayejulikana kwa jina la kitabu chake Magen Avraham, alihesabu mchana tangu pambazuko hadi usiku kuingia. Gaon wa Vilna (1720–1797) alihesabu tangu macheo hadi machweo. Wa kwanza anaanza mapema, kwa hiyo saa tatu yake inaisha mapema pia. Nairobi, ukihesabu pambazuko dakika 72 kabla ya jua, Shema ya Magen Avraham inafungwa karibu na saa 3 kamili, ya Gaon saa 3:30. Kwa Amida tofauti inapungua hadi dakika 24.

Uchague ipi? Shema ni amri ya Torati yenyewe, na watu wengi waangalifu huwahi ile ya mapema. Nami naona hivyo, tena kwa sababu ya kizembe: kukumbuka "saa tatu" ni rahisi, na ukichelewa bado una nusu saa ya kukuokoa. Kwa Amida tumia ya Gaon bila wasiwasi.

Minha: saa ya chakula cha mchana au saa ya kutoka kazini?

Minha ni fupi, dakika 10 hadi 15, na ndiyo inayopotea kuliko zote kwa sababu inakukuta katikati ya shughuli. Talmudi inaonya iangaliwe sana, kwa kuwa Eliya pale Karmeli alijibiwa saa ya Minha.

Wakati bora ni ule wa saa tisa na nusu ya jua, yaani saa 10 na dakika chache kwa saa yetu ya ukutani. Kwa vitabu, hakuna shaka. Kwa mwajiriwa wa Nairobi mimi nasema saa 7:15, mapumziko ya mchana, kabla ya kula. Sababu ni foleni. Anayetoka ofisini saa 11 akisema atasali nyumbani, saa 12:35 jua linazama yeye yuko kwenye mzunguko, ameshika chuma cha matatu kwa mkono mmoja. Mishna ina sheria ya aliyepanda punda: ashuke asali, asipoweza kushuka, ageuze uso, asipoweza kugeuza uso, aelekeze moyo wake Patakatifu pa Patakatifu. Kwa hiyo ndani ya gari kuna njia, lakini ni njia ya aliyebanwa, haifai kuwa ratiba ya Jumatatu hadi Alhamisi.

Mahali nilipowahi kufanya kazi, msimamizi alinikuta nimesimama kwenye stoo nikiutazama ukuta, miguu pamoja, midomo inacheza. Hakusema kitu. Kesho yake nikaitwa kuulizwa kama nina msongo wa mawazo. Tangu hapo namwambia bosi mapema: dakika kumi, saa 7:15, kila siku. Saa ikiwa moja kila siku watu huizoea haraka, hata ile ya Waislamu wa ofisini waliizoea hivyohivyo, na mara nyingi wao ndio watakaokuonyesha chumba kilicho kimya.

Mwenye duka lake, mkulima, au anayefanyia kazi nyumbani hana udhuru wangu. Asali saa 10.

Maarivu: mapema au nyota zikitoka?

Rabi Yehuda alisema Minha inaisha kwenye plagi, ambayo ni saa kumi na robo tatu ya jua, na kuanzia hapo unaweza kusali ya usiku. Wenzake walisema Minha inakwenda hadi jioni. Talmudi haikukata shauri: afanyaye kama huyu amefanya, na afanyaye kama wale amefanya. Sharti ni kushika upande mmoja. Huwezi siku hiyohiyo kusali Minha saa 11:45 ukisema "bado mchana", na kuirukia Maarivu saa 12 ukisema "ni usiku tayari".

Kwetu sioni sababu ya Maarivu ya mapema, isipokuwa Ijumaa kwa familia yenye watoto wadogo. Giza la ikweta halikawii. Jua likizama, baada ya kama dakika 25 nyota zipo, na saa 1 usiku si usiku mkubwa kwa mtu yeyote. Hatari ya Maarivu iko kwingine, na Talmudi imeichora kama iliyomwona jirani yangu. Mtu anarudi kutoka shamba jioni. Anasema, ngoja nile kidogo, ninywe kidogo, nilale kidogo, kisha nitasali. Usingizi unamkamata, analala hadi asubuhi. Dawa waliyoitoa ni apitie sinagogi kwanza, ndipo aende kwake akale. Kwa asiye na sinagogi njiani: kabla hujavua viatu. Kisheria unayo nafasi hadi usiku wa manane, na aliyepitiwa kabisa hadi pambazuko. Rabani Gamalieli aliwaruhusu wanawe waliorudi usiku sana kutoka karamuni. Ila yeye alikuwa anawatoa watoto wake shimoni, hakuwa anawapangia wiki.

Utulivu au saa?

Wapo watakaosema, kuna maana gani kuwahi saa kama moyo uko kwingine? Hoja hiyo ina wazee wake. Mishna inataja wacha Mungu waliokaa saa nzima kabla ya sala ili kuelekeza nia, na baadhi ya Wahasidi, wafuasi wa vuguvugu la uchaji wa moyo, wakiwemo wa Kotzk huko Poland karne ya 19, walijulikana kwa kusali wakiwa wamechelewa kwa ajili ya maandalizi ya moyo. Siwadharau. Lakini wale wa Mishna walianza maandalizi mapema ndipo wakasali kwa wakati. Hawakuisogeza sala. Na mimi mwenyewe nikiwa mkweli, kila nilipoahirisha "mpaka nitulie", utulivu haukuja, zilikuja jumbe za simu.

Kwa wanawake mizani ni nyingine. Sheria ya kale imewasamehe amri nyingi zinazofungwa na saa, Shema ikiwemo, lakini sala haikuwasamehe. Wapo wanaosema Shahariti na Minha ni juu yao, na Magen Avraham alitetea desturi ya wanawake walioomba kwa maneno yao mara moja kwa siku wakatosheka. Mama mwenye mtoto mchanga ashike rai hiyo bila kujiona mdeni. Huko Nabugoye, walikojifunga na usawa, watakwambia lingine.

Na ukikosa kabisa? Aliyesahau, aliyeugua, au aliyezuiwa hulipa kadha kwenye sala inayofuata tu: anasali Amida ya wakati huo kwanza, kisha Amida ya pili badala ya ile iliyompita. Akikosa na hiyo inayofuata, imekwenda. Aliyeacha makusudi hana kadha, na Talmudi inamsomea Mhubiri: yaliyopotoka hayawezi kunyoshwa.

Kwa mlioko Ulaya

Karibu yote niliyoyapendekeza hapo juu hugeuka ukivuka bahari. London Desemba jua hutoka saa 2 asubuhi na dakika chache. Macheo huyapati kwa kuamka mapema, unayapata ukiwa tayari umechelewa kazini, kwa hiyo wengi husali kabla yake. Minha inafungwa kabla ya saa 10 jioni jua linapozama, na mapumziko ya chakula cha mchana si nafuu tena, ndiyo nafasi pekee. Juni mambo ni kinyume. Jua huzama saa 3:20 usiku, nyota za Maarivu huja zaidi ya saa moja baadaye, na pambazuko kwa kipimo kimojawapo kinachotumika sana halipo kabisa, kwa sababu jua halishuki chini vya kutosha usiku kucha. Hapo ile plagi ambayo kwetu sikuona kazi yake ndiyo inayowalaza watoto: Minha kabla yake, Maarivu baada yake, chakula mezani jua likiwa bado dirishani. Shema pekee ndiyo husomwa tena nyota zikitoka, na mwenye hofu ya kulala kama yule wa shambani aweke kengele.